Yaya Hakuandika "Nimefika"

Saa ile téléphone ya Kavira ilikuwa inaonyesha "Nimefika", yaya yangu Paluku, kaka yangu mukubwa, alikuwa ku mutaro, muguu chini ya camion, lori yake, barabara ya Kasugho.

Yeye hakuandika ile neno. Kule ku mutaro hakukuwa hata réseau ya téléphone, mpaka ufike Kasugho yenyewe...

Basi nani aliandika?

Ba frère na ba soeur, niko na kasirani mpaka leo. Muniache niseme yote.

Mimi ni Kyakimwa, natengenezaka ba application hapa Butembo. Mimi na mwenzangu Delphin tulitengenezea patron Melchior, mwenye ba camions, application moja ya ba chauffeurs yake. Chauffeur akifika, anaingia na mot de passe, neno yake ya siri, anafinya "Nimefika". Bibi yake anaona, analala. Asipofinya mpaka jua kuzama, batu banapanda moto, pikipiki, kwenda kumutafuta.

Asubuhi Kavira, bibi ya yaya, akanipigia.

— Bakulima bamemukuta Paluku ku mutaro. Alilala pale usiku muzima.

— Mais si aliandika amefika?

— Ndiyo nakuuliza. Ile kitu ni yako, hapana yangu.

Nilikata téléphone. Nikakimbia bureau.

Sasa musikilize, hii ndiyo inaniuma. Mot de passe hatuihifazi vile iko, tunaipitisha mu hash. Ni kama moulin ya kusaga mihogo: unga inatoka, na unga hairudi mihogo tena. Mwizi akiiba unga, inamubakia kusaga maneno moja moja mpaka apate unga inafanana.

Kuko moulin ya mbio. Kwa kuhakikisha fichier, faili, haijaguswa, ni muzuri sana. Kwa mot de passe ni mubaya, juu mwizi anajaribu mamilioni kwa kupepesa jicho. Mimi niliweka bcrypt, ya pole pole makusudi. Chauffeur anangoja kidogo mara moja. Mwizi anangoja kila jaribio.

— Delphin, bcrypt iko wapi?

— Niliitoa wakati ulikuwa Beni. Patron alisema ba chauffeurs banalalamika, kuingia inakawia. Niliweka MD5, ile ya mbio.

— Bila kuniambia?

— Ungekatala.

— Ndiyo, ningekatala!

— Hash ni hash, Kyakimwa. Nani hapa atavunja?

Hash ni hash! Mutu alisoma myaka mitano, anasema vile.

Na munajua sisi Banande. Mutoto anapewa jina kufuatana na nafasi alizaliwa, na majina yenyewe inaenea kwa karatasi moja. Ba chauffeurs boote baliweka jina ya mutoto, prénom ya ubatizo, na mwaka. Kama Kaviraberthe2015, na Kavira hapa ni mutoto, hapana bibi ya yaya. Nilibakataza mpaka mudomo ikakauka. "Soeur, nitasahau." Kwa bcrypt, kutafuta ile inakula siku na siku kwa chauffeur mumoja. Kwa MD5, hata chai haijapoa.

Nikafungua serveur. "Nimefika" ya yaya ilitoka ku connexion ya bureau ya patron Melchior, hapa hapa Butembo.

— Nani ako na copie ya base yetu, mwenye ba hash yote inakaa?

Delphin akaangalia chini.

— Patron. Aliomba mara mbili.

Nikaenda kwa Melchior. Alikuwa amekaa chini ya écran yake kubwa yenye kuonyesha ba camions yenye imefika.

— Patron, ni wewe ulifinya "Nimefika" ya Paluku?

Hata hakushituka.

— Mama, ba clients banasimama hapa banaangalia. Bakiona camion imechelewa, banapeleka muzigo kwa wengine. Nilijua ako karibu.

— Ulijua namna gani?

— Anafikaka siku zote.

Kumbe tangu zamani, serveur ilinionyesha kisha, alikuwa anafikisha batu wenye hawajafika!

Na yale malalamiko ya ba chauffeurs? Bongo, uongo mutupu. Nilibauliza boote, hakuna hata mumoja alilalamika. Copie ya kwanza, yenye bcrypt, ilishinda programme yake ya kuvunja mot de passe juma muzima. Ndipo akaleta hadithi ya kukawia, na Delphin akamufungulia mulango.

Yaya balimukata muguu. Docteur alisema angeletwa ile jioni, ungepona.

Nimerudisha bcrypt. Ba chauffeurs bametoka kwa Melchior, bamejipanga beenyewe, na mot de passe yao ni sentensi ndefu. Delphin sifanyi naye kazi tena.

Wenye munatengenezaka ba application, munisikie: mbio muiweke pale hakuna mutu wa kuumia. Ku mulango ya mutu, muache ikawie.

Juzi yaya alirudi Kasugho na béquilles, magongo ya kutembelea, ndani ya camion ya rafiki, kuchukua bintu yake yenye ilibakia kule. Nilikuwa na Kavira mu cuisine wakati téléphone ililia. "Nimefika." Niliangalia serveur mara tatu, ni yeye kweli.

Kavira alisoma, akaweka téléphone ku meza, akavaa viatu.

— Unaenda wapi?

— Kupanda moto. Naenda kumutafuta.