Chai ya Saa Nne

Kisa hiki kilimkuta jirani yetu, mwalimu wa hisabati, mwanamke asiyependa mzaha. Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Kengele ya mapumziko ililia, watoto wakamwagika uwanjani, walimu wakaivamia birika ya chai ya maziwa kama nzi.

Yeye hakuwa akinywa. Wenzake walidhani ni vidonda vya tumbo. Wapi! Kila alipoiona birika ile alimwona mwanafunzi wake wa dawati la mbele, binti mcheshi waliyemwita Kasuku kwa jinsi alivyopenda kuongea. Shuleni hapo wanafunzi ndio waliochota maji ya chai ya walimu, kutoka tangi la saruji lililochimbiwa nyuma ya ofisi. Mwezi uliopita Kasuku aliinama na ndoo kwenye mdomo wa tangi, akatumbukia. Walimtoa amekwisha kufa.

Wakamzika. Tangi hawakulimwaga.

"Maji yenyewe ya shida," alisema mwalimu mkuu. "Yakishachemka yana ubaya gani? Funika kombe mwanaharamu apite."

Wakachemsha. Wakanywa. Siku ya kwanza, kwa kuwaona tu, mwalimu wa hisabati alikimbilia chooni, akatapika mpaka nyongo. Siku zilizofuata aliwatazama wakilamba utando wa maziwa midomoni, wakisifu kwamba chai siku hizi imekolea, akawachukia wote pamoja na vikombe vyao. Watu wazima, wenye watoto wao nyumbani!

Kisha wakaanza kusahau.

Mwalimu wa Kiswahili, aliyelia makaburini hadi akashikwa mikono, aliuliza kwa nini dawati la mbele liko tupu.

"La Kasuku," mwalimu wa hisabati alimjibu.

"Kasuku ndiye nani?"

Hakuwa akitania. Pumzi yake ilinuka maji yaliyolala. Baadaye hata wanafunzi, waliokunywa maji ya tangi hilohilo, wakawa wanashangaa wakimsikia akitajwa. Walibaki wawili tu wa kumkumbuka yule mtoto: mwalimu na mama mtu, mjane ambaye hakuwa na mwingine. Mwalimu aliapa moyoni kwamba huyo mama hawatamgusa.

Sasa siku hiyo, saa nne, mama akaja kuchukua begi la mwanawe.

Mwalimu alimkalisha ofisini, akakimbia darasani. Hakukawia. Aliporudi, mwalimu mkuu alikuwa amesimama na birika, anatabasamu. Mama alikuwa na kikombe mkononi.

"Mama, usinywe," mwalimu alinong'ona.

"Jamani, mwalimu, si nimekaribishwa?"

Alikipiga kile kikombe kikaruka. Kikapasuka sakafuni. Chai ikatambaa. Ndani ya utando wa maziwa palikuwa na unywele mrefu, mweusi, umejikunja. Walimu waliutazama. Mmoja akalamba midomo.

Lakini kabla hajakipiga, kikombe kilikuwa kimekwisha kunywewa nusu.

Mwalimu alipiga magoti mbele ya mama, akamwekea begi mapajani.

"Mama Kasuku. Begi la mwanao hili hapa."

Mama aliligeuza begi. Akalinusa. Akakunja uso, kama mtu aliyepewa kitu kilichooza, akalirudisha taratibu.

"Umenifananisha, dada," alisema kwa upole. "Mimi sijajaliwa kuzaa."

Pumzi yake ilinuka maji yaliyolala.

Mama akashukuru kwa chai, akaaga mmoja mmoja kwa adabu, akatoka kwenye jua kali. Hapo ndipo mwalimu alipoliona gauni lake kwa nyuma. Kiunoni palikuwa na alama mbichi ya kiganja kidogo, inachuruzika maji. Kitambaa kilikuwa kimekunjamana mahali pa vidole, na kadiri mama alivyotembea, kilibaki kimevutwa nyuma.