Winchi za Mashua ya Josia

Haya yalimpata rafiki yangu Lwakatare, fundi wa Buhembe. Kokuberwa, mjane wa Muleba, alimwita asafishe winchi, mitambo ya kuvutia kamba za tanga, za mashua ya marehemu mumewe, Josia, aliyezama ziwani na mwili wake usipatikane. Alitaka kuiuza asiione tena.

Ndani ya banda la mashua, Lwakatare alifungua winchi ya kwanza, akatoa gia zote, akaziosha kwa mafuta ya taa na kuzipanga juu ya gunia. Umeme ukakatika. Gizani winchi hiyo tupu ikaanza kulia taratibu, kama inayovuta mzigo: ka… ka… ka.

“Mama, usiiguse!”

Kokuberwa alijibu kutoka mlangoni, akilia. “Si mimi, mwanangu. Ndivyo Josia alivyokuwa akivuta tangu aumie bega.”

Umeme uliporudi, gia zilikuwa bado kwenye gunia. Kamba ambayo hakuna aliyeileta ilikuwa imezungushwa kwenye winchi, ikichuruzika maji.