Ng'ombe wa Mkesha wa Krismasi

Kila asubuhi Adelfina alipeleka maji zizini, nyuma ya nyumba yao pale Lusahunga. Baba yake, mzee Novatus, alikuwa na bucha kando ya barabara ya Rusumo. Kabla ya kufungua, aliomba pamoja na mfanyakazi wake, Wiston, kisha wakachemsha maji ya kuoshea visu. Maombi yenyewe hayakuwa marefu, maana madereva wa malori wakitaka nyama hawana subira.

Siku ya mkesha wa Krismasi shule zilikuwa zimefungwa, lakini maji yalipelekwa vilevile. Zizini kulikuwa na ng'ombe mmoja tu, dume mwekundu aliyenunuliwa mnadani kwa ajili ya sikukuu. Adelfina akamkuta amelala ubavu, miguu imenyooka, tumbo limevimba. Damu nyeusi ilikuwa inamtoka puani. Ndoo ikamponyoka Adelfina mkononi.

Wiston alikuwa amesimama pale tayari, ameshika kisu.

"Kaka Wiston, huyu amekufa."

"Anapumua kidogo."

"Hapumui. Mtazame macho."

Wiston akageuka kuangalia nyumba. Mzee Novatus alikuwa ameshakwenda kanisani kupanga viti.

"Jana ulisikia baba yako alivyoniambia," Wiston alisema kwa sauti ya chini. "Nyama ya sikukuu ikikosekana, nitafute kazi kwingine. Nina mtoto mchanga, Adelfina. Wewe hukuona kitu."

Ng'ombe hakupelekwa machinjioni. Mchinjaji hakuitwa, mkaguzi wa nyama hakuitwa; Wiston alimchuna mwenyewe palepale zizini. Kabla jua halijawa kali, nyama ilikuwa imeshaning'inia buchani na watu wamejipanga mpaka kwa fundi pikipiki.

Adelfina alikuwa anachungulia kutoka jikoni. Alipomwona jirani yao, Mama Bukuru, amesimama wa kwanza na mtoto mgongoni, alitoka mbio hadi kanisani. Akamweleza baba yake yote.

Mzee Novatus aliweka kiti chini, akaondoka.

Alipofika buchani, Wiston alikuwa anampimia Mama Bukuru kilo ya kwanza.

"Weka kisu chini, Wiston. Nyama hii haiuzwi," mzee Novatus alisema. Kisha akawageukia wateja. "Ng'ombe huyu alikufa mwenyewe."

Adelfina alidhani watu watashukuru. Badala yake Mama Bukuru akasema, "Basi tuuzie nusu bei. Mimi nitaichemsha mpaka isahau kwamba ilikufa."

Watu wakacheka.

"Siuzi, Mama Bukuru. Hata bure sitoi."

"Kwa hiyo Krismasi tule maharage?" mwingine akauliza kwa hasira.

"Tutakula maharage wote. Mimi ni mzee wa kanisa. Kesho nitasimamaje kuwatakia amani, wakati nimewalisha mzoga?"

Akampigia simu mkaguzi wa nyama. Mkaguzi alikuja, akavaa glavu, akaangalia kichwa cha ng'ombe kwa muda.

"Damu hii ya puani naiogopa," alisema. "Inaweza kuwa kimeta. Ni ugonjwa wa mifugo unaoua na watu pia, na kuchemsha si kinga ya kutegemea. Choma yote, zika ndani sana. Waliomgusa waende zahanati leo leo."

Mama Bukuru akamshusha mtoto mgongoni, akamkumbatia. Hakuna aliyecheka tena.

Shimo likachimbwa. Nyama yote ikachomwa kwa dizeli, na majivu yakafukiwa. Wiston alisimama pembeni. Adelfina alikuwa anangoja amsikie akifukuzwa.

"Wiston," mzee Novatus alisema mbele ya watu wote, "jana nilikutishia kazi yako. Maneno yangu ndiyo yaliyokushikisha kisu kile. Nisamehe."

Watu wakatazamana. Pale Lusahunga hawakuwahi kusikia bosi akimwomba msamaha kibarua wake. Wiston akasema, "Nisamehe na mimi, bosi. Ningeua watu."

"Nimekusamehe. Lakini kisu hutakishika mpaka mkaguzi akufundishe na aridhike."

Mzee Novatus na Adelfina wakampeleka Wiston zahanati.

"Baba," Adelfina aliuliza njiani, "si mtaji wetu wote umeteketea?"

"Umeteketea, mwanangu. Tutaanza upya. Lakini sikiliza. Kuomba na mfanyakazi asubuhi ni rahisi. Kazi ni kuwa bosi ambaye mfanyakazi anaweza kumletea habari mbaya bila kuogopa. Hapo nilishindwa. Na wewe, ukiona jambo litakalodhuru watu, liseme mapema kama ulivyofanya leo, hata kama anayelifanya unampenda."

Wakatembea kidogo. Kisha Wiston akakohoa.

"Bosi, kuna jingine. Friji ya bucha haigandishi tangu juzi."

Mzee Novatus akasimama katikati ya njia. Alivuta pumzi ndefu, akamwekea Wiston mkono begani.

"Asante kwa kuniambia," akasema.