Aliyekuja Kumliwaza Kendi

Nyumba ya Kendi kule Richfield, ughaibuni, ilianza kunuka mshumaa wa mafuta ya ng'ombe, na ndani hamkuwa na mshumaa hata mmoja. Mumewe, Muriuki, alinusa jikoni, akanusa chini ya sinki, akafungua dirisha mpaka theluji ikaingia. Harufu haikutoka.

Kendi hakujali. Mama yake alikuwa amefariki Meru, naye hangeweza kusafiri, makaratasi yake ya uhamiaji hayakuwa tayari. Alibakiwa na jambo moja tu: kujirekodi kwa simu akimuaga, video ichezwe siku ya mazishi. Maneno machache ya mtoto kwa mama yake, yatamshinda nani?

Yalimshinda Kendi. Kila alipofungua kinywa kilitoka Kiingereza cha miaka mia nne iliyopita, kitamu, chenye vina, kikimlilia mwanamke wa nywele za dhahabu na shingo nyeupe pe. Mama yake alikuwa mweusi tii, mchuma majani chai, mwenye kicheko cha kusikika hadi kwa jirani.

"Kendi, huyo si Mama," Muriuki alinong'ona.

"Najua. Nime-try kumtaja. Ulimi wangu unageuzwa."

Mwenye maneno hayo Kendi alimfahamu. Ni mshairi Mwingereza wa enzi zile, ambaye Kendi, mwalimu wa chuo huko Saint Paul, alimtafiti kwa miaka. Katika utafiti huo Kendi alikuwa ameonyesha jinsi waandishi wa Kiingereza waliomfuata, kizazi baada ya kizazi, walivyofiwa na wapendwa wao wakawalilia kwa sauti yake: dhahabu ileile, weupe uleule. Wasomi huliita jambo hilo athari. Kendi naye aliliita hivyo, akapigiwa makofi. Masikini, kumbe alikuwa akiandika historia ya ugonjwa.

Muriuki alimwita Mama Vestine, Mkongomani wa mji wa karibu wa Fridley anayewaombea wenye kusumbuliwa na pepo. Alifika jioni, zile jioni za Januari zinazoingia watu wangali kazini. Alipovuka mlango tu, aliziba pua.

"Ma fille, binti yangu, ulipopata habari ya kifo, watu walikuya kukaa na weye?"

Kendi aliinamisha kichwa. "Sikumwambia mtu, Mama. Wakenya wangejaa hapa na chai na nyimbo, na nilikuwa na deadline. Nikajifungia. Nikasoma mashairi ya yule Mwingereza kwa sauti, angalau yaniliwaze."

"Ulifungia watu mlango. Basi yeye ndiye alikuya kukaa na weye."

Wakapiga magoti. Mama Vestine akaanza kuomba polepole, na ndani ya ukuta kitu kikaanza kukwaruza kama ncha ya kalamu kwenye ngozi kavu, kikashuka, kikapita chini ya zulia, kikazunguka magoti yao, na harufu ya mafuta ikazidi hadi Muriuki akatapika, na Kendi akainua uso usio na chozi akasema kwa sauti ya mwanamume, kwa Kiswahili safi ambacho hakuna aliyemfundisha mshairi yule: "Nilikuwa na mpendwa wangu. Nilimlilia mpaka akaisha. Sasa nalilia wa wengine."

"Toka!" Mama Vestine alipaza sauti. "Kwa jina la Yesu, toka!"

Harufu ikakatika. Kendi akalia, kwa sauti yake, hata Muriuki akalia naye. Papo hapo Kendi, kabla hajapangusa uso, akajirekodi: "Mama, asante kwa kunilea. Nimekukosa sana." Akatuma.

Baada ya mazishi dada yake Fiona alipiga simu. Fiona ni muuza mitumba sokoni Meru, na vitabu havijui wala havimjui.

"Dada, video yako imeliza watu wote. Lakini nilipopewa maikrofoni mimi, nikaanza kusifu mzungu fulani wa nywele za dhahabu. Kwa Kizungu, Kendi! Watu wakadhani nimelewa. Mama amewekwa kaburini sijamwambia hata kwaheri."

Kendi aliketi sakafuni. Mama Vestine alikuwa amemwambia mshairi atoke, hakumwambia aende wapi, naye Kendi akatuma kilio chake huku yule bado amesimama kando yake, akasafiri ndani ya video hadi Meru.

"Fiona, nisikilize. Usimlilie Mama."

"Nisimlilie Mama yangu?"

"Usimlilie. Wala usiache mtu akusikie ukilia. Tafadhali."

Fiona alijizuia kidogo, kisha akashindwa, akalia. Kendi alikata simu asimsikie.