Saa ya Dresa Renatus

—Hii saa ya nani, mama Mseti?

Mwikwabe alikuwa ameikuta kwenye kikapu cha mkewe, imefichwa chini ya unga wa mtama. Ilikuwa saa ya kiume, ya mkanda wa ngozi. Katika kijiji chao kipya cha ujamaa, nje kidogo ya Butiama, mwenye saa ya namna hiyo alikuwa mmoja tu: Renatus, dresa wa zahanati, mfunga vidonda.

—Ya ndugu Renatus, alijibu Wankyo, mboga mkononi. Kaniazima.

—Kakuazima. Una ofisi gani wewe ya kuwahi?

Juzi, akitoka shamba la pamoja, Mwikwabe aliwaona kwenye dirisha la zahanati kwa macho yake: Renatus kamshika Wankyo mkono, wote kimya. Lisemwalo lipo, na kisimani lilishaanza kusemwa.

—Niliwaona. Anakushikaga mkono.

—Alikuwa ananifundisha kuhesabu mapigo ya moyo.

—Ya nani?

—Yako, baba Mseti.

Mwikwabe alicheka kicheko kikavu.

—Cheka tu. Tangu tuhamie hapa hulalagi vizuri. Chakula unakisukuma, kifua unakishika. Ng'ombe wamekufa wote na hujalia hata siku moja. Nikisema zahanati, unasema mwanaume haumwi mawazo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikaenda mwenyewe kwa siri kumuuliza Renatus. Kasema huzuni na wasiwasi vikikaa sana ndani ya mtu, hata moyo wenyewe unaumia. Ndiyo maana kila alfajiri nakushika mkono.

Kila alfajiri Mwikwabe alikuwa akiusikia mkono ule, akajifanya amelala. Alidhani mke anambembeleza kwa sababu ana hatia.

—Lete mkono, alisema Wankyo.

Mwikwabe alikaa, akautoa. Wankyo aliitazama saa, midomo ikichezacheza.

—Mia na kumi na nane. Na umekaa tu.

—Ni hasira.

—Hii ya sasa, sawa. Ya asubuhi ilikuwa mia na sita, umelala. Hasira gani hiyo? Kesho tunapanda basi la Musoma.

Hospitalini Musoma daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, mbele na mgongoni.

—Moyo umechoka, ndugu, ila dawa ipo. Lakini dawa peke yake haitoshi. Kuna kitu unakiogopa?

Wankyo aliinuka ili awapishe.

—Kaa, Mwikwabe alimwambia. Akainamisha kichwa, akasema: Daktari, huyu nilimuoa kwa ng'ombe ishirini. Leo zizi liko tupu. Kila mwanaume akimsalimia, naona kaja kumchukua. Sina tena cha kumzuilia.

Wankyo aliona huruma, na hasira kidogo pia.

—Wale ng'ombe walienda kwa baba, kaka zangu wakaolea. Mimi hata kuwakamua sikuwakamua. Nilikuja kwako kwa sababu nilikutaka, na baba alikuwa hakutaki. Nilimgomea wiki tatu, sili.

Machozi yalimtoka Mwikwabe, yale ya ng'ombe na ya nyumba ya zamani, yote kwa pamoja. Hakuyafuta.

—Miaka yote hii hujawahi kuniambia, Wankyo.

—Ungesikia saa ngapi? Ulikuwa unahesabu ng'ombe.