Kipande Kilichokosekana

Faili halikuwepo, lakini pumzi za mtoto bado zilisikika.

Mhariri wa video alivua hedifoni, akazivaa tena. Kwenye skrini, kipande cha mwisho kilikuwa kimegeuka chekundu: kompyuta haikioni. Kosa lilikuwa lake. Programu ya kuhariri haibebi picha, inakumbuka tu zilipowekwa, ndiyo maana kila fundi hunakili kwanza. Yeye, kwa haraka, alizipakia moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya kamera, kisha mpiga picha akaichomoa.

"Kadi nishaifuta, dada," mpiga picha alisema kwenye simu. "Niko harusini. Weka maua yanayopepea, watalia tu."

Lakini ile ilikuwa video ya kumbukumbu ya binti aliyefariki, na mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi nje, akisubiri kumwona mwanawe akikimbia na sare ya shule, kipande hichohicho kilichopotea. Angeambiwa nini?

Kidirisha kikafunguka: onyesha faili lilipo. Ndani ya hedifoni, sauti ndogo ikanong'ona, "Nionyeshe mwingine."

Aliisikia vizuri. Akajiambia ni uchovu. Akachukua kwenye simu yake video ya Kidoti, binti yake wa kumzaa, akikimbia uwanjani na sare ileile, mgongo tu unaonekana.

"Mgongo ni mgongo," alisema, akabonyeza.

Wekundu ukatoka. Pumzi zikakoma. Chumba kikanuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

"Karibu, mama," alimwita mfiwa. "Video iko tayari."

Wakaitazama pamoja, na yule mtoto aliyekuwa akikimbia akapunguza mwendo, akasimama, akageuka polepole kama aliyeitwa jina, ingawa Kidoti hakuwahi kugeuka katika video ile, na uso uliowatazama kutoka kwenye skrini ulikuwa wa marehemu, meno yote nje, ukicheka bila sauti.

"Ndiye!" mfiwa alilia, akibusu kioo. "Mwanangu huyu!"

Simu ya mhariri ikaita, akaipokea kwa spika. Alikuwa mama yake, aliyebaki nyumbani na mjukuu.

"Njoo haraka," alinong'ona. "Kidoti alilala mchana, ameamka hanijui. Ananuka udongo. Mtoto huyu ana jini, nakwambia!"

"Mpe simu. Kidoti? Mimi mama."

"Shikamoo," mtoto alisema, kwa adabu ya kumsalimia mgeni. "Wewe siye. Naomba kuongea na mama yangu. Si yuko hapo?"

Mhariri akataka kukata simu, lakini mfiwa, ambaye alikuwa amesikia kila neno na kuyafuta machozi yake, aliichomoa simu kutoka mkononi mwake taratibu, kama mtu anayechukua kilicho chake, akaiweka sikioni.

"Usilie, mwanangu," alisema. "Nielekeze nyumba. Nakuja kukuchukua."