Kitabu cha Betri

"Kwa hiyo mie nimekosa mke kwa sababu ya gemu?"

"Usinipigie kelele, Mfaume!"

"Nisipige kelele? Unaolewa wiki ijayo, nimwambie nani, ukuta?"

Zubeda, shoga yake Munira, aliyetuazima chumba chake hapo Kinondoni tuongee, akachungulia mlangoni.

"Jamani, mama mwenye nyumba yupo uani anachambua mchicha. Kila mkipaza sauti anasimamisha mikono asikie vizuri."

"Mwambie asogeze kigoda kabisa!"

Zubeda akasonya, akarudi uani.

Munira kakaa kitandani, mashine mapajani. Ngoja niwaambie hiyo mashine, maana mwaka ule wa tisini na tatu Dar nzima sijui kama zilifika tatu. Braza Alfonsi wa mtaani kwetu, anayefanya kazi melini, alirudi nayo kutoka Singapuri, akaniazima. Kitabu, lakini cha betri. Saizi ya nusu mche wa sabuni, kioo cha kijivu, maneno unayasoma humo humo. Hadithi ya Kiingereza: wewe ndo msafiri, umefungiwa ndani ya mji, unatafuta pa kutokea. Kila ukifika mahali kinakuuliza. Unafungua geti? Bonyeza moja. Unarudi sokoni? Bonyeza mbili.

Kiingereza changu mie, waulizeni waliosahihisha mtihani wa form four. Munira ndo alikuwa anasoma ananitafsiria, tunabishana, tunacheka, ndo tunabonyeza. Tulikubaliana hakuna kubonyeza bila mwenzio. Miezi minne hiyo. Kikilala kwao Tabata, mie nalala nikijua kuna ukurasa unanisubiri.

Nikashusha sauti. "Niambie tena. Bibi Somoe alikuulizaje?"

"Alikuja na mama mdogo, Jumapili, baada ya alasiri. Barua ya kina Mudathir baba alishaisoma. Bibi akaniambia, 'Mjukuu wangu, Mudathir ameleta posa. Unamtaka?'"

"Na wewe?"

"Nilikuwa nasoma hiki."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa nasoma, Mfaume! Sikumsikia."

"Na kwenu mwari akiulizwa akanyamaza?"

"Amekubali."

"Amekubali! Hata watoto wanajua!"

"Nilikuja kushtuka wanapiga vigelegele."

Mwenzenu nikacheka. Mtu anaposwa hana habari, yuko bize anatafuta ufunguo wa geti la Wazungu! Halafu nikaona mbona dogo hili.

"Basi ishu imekwisha. Twende kwa bibi sasa hivi. Mwambie hukusikia. Bibi Somoe ananipendaga, atamwambia mzee barua irudishwe. Ni makosa tu, nani hakosei?"

Akainamia mashine.

"Munira, inuka twende."

"Bibi aliuliza mara tatu."

"Hata kumi! Ulikuwa unasoma. Lete hicho, tumwonyeshe na ukurasa wenyewe."

Nikakichukua mapajani. Nikawasha. Kioo hakikusema kitu. Nikakipiga piga kwa kiganja, nikazigeuza betri, wapi.

"Betri zimeisha?"

"Zimeisha."

"Lini?"

Akaanza kuvuta uzi kwenye shuka la Zubeda.

"Lini, Munira?"

"Ijumaa."

"Bibi kakuuliza Jumapili."

Akaukata uzi. Nje kule mama mwenye nyumba akauliza mbona wametulia, Zubeda akamwambia wanakunywa maji.

"Ulikuwa unasoma nini, we mwanamke?"

"Nilikuwa nakiangalia tu."

"Kioo kitupu?"

"Nisiwatazame usoni. Nisiseme ndiyo kwa mdomo wangu." Akaniinulia uso. "Mwaka mzima nakwambia lete barua. Ngoja nipate kazi. Ngoja mjomba atoke Lindi. Ngoja mfungo uishe. Baba anaumwa, Mfaume, anataka aniozeshe akiwa na nguvu za kusimama. Mie nimwambie nani anakuja?"

"Ungesema unanitaka mie!"

"Nikiulizwa barua yake iko wapi?"

Nikazitoa betri, nikazirudisha.

"Mara ya kwanza nikajua utatokea tu. Siku zile si ulikuwa unakuja Jumapili? Mara ya pili nikasikia mtu anapiga hodi, roho ikanipaa. Muuza mkaa. Mara ya tatu…"

"Mara ya tatu nini?"

"Mara ya tatu nilisikia kila neno."

Nilikuwa naye hatua moja. Ningeweza kumshika mkono. Jumapili ile, saa ile ya alasiri, nilikuwa kijiweni na kina Mashaka tunabishana mpira, nikasema nitaenda kesho.

"Mudathir unampenda?"

"Simjui. Nimemwona mara mbili. Ana nyumba Kunduchi."

"Ana barua."

"Ana barua," akasema, machozi yanamdondokea kwenye baibui, hayafuti.

Nikatafuta malapa yangu chini ya kitanda. Moja lilikuwa mbali ukutani, ikabidi nipige magoti kulivuta, na yeye miguu yake iko pale pale mbele ya uso wangu, haikusogea.

"Mfaume, sema basi hata neno. Nitukane."

Nikavaa. Nikatoka, nikaufunga mlango pole pole, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.